Dawa ni ya Nani? Tiba Asili na Tiba Mbadala katika Historia ya Kupigania Afya ya Umma

Mwaka 2002 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria Namba 23, yaani Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa sheria hiyo liliundwa Baraza moja la kusimamia mambo mawili ambayo kihistoria hayakuzaliwa pamoja. La kwanza ni utaalamu wa mizizi, majani na magome ambao wananchi wetu wamerithishana vijijini kizazi hata kizazi. La pili ni tiba zilizotoka ng'ambo lakini zikabaki nje ya mkondo wa hospitali, mojawapo ikiwa homeopathia, iliyoanzishwa na daktari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 18.

Makada wanafunzi wanapoisoma sheria hii darasani hawakosi kutuuliza swali moja. Je, tiba hizi tuziunge mkono kwa kuwa si za mabeberu, au tuzipinge kwa kuwa si za kisayansi?

Swali hilo lina kasoro ndani yake. Linachukulia kwamba sayansi ni mali ya mabeberu, na kwamba kilicho chetu hakiwezi kuwa sayansi. Kwa hiyo kada anayejibu upande wowote kati ya hizo mbili anakuwa amekwisha kukubali kasumba ya mkoloni kabla hajafungua kinywa. Anayesema dawa zote za mababu ni ushenzi ameikubali waziwazi. Anayesema dawa zote za asili ni nzuri kwa sababu ni za asili ameikubali kwa mlango wa nyuma, maana naye anakataa dawa zetu zisipimwe kama zinavyopimwa nyingine, kana kwamba zitaaibika.

Katika makala hii tunakusudia kulichambua jambo hili kwa njia ya historia. Tutaanzia mbali kidogo, Ulaya, kwa sababu homeopathia ilianzia huko na kwa sababu ilianza na gome la mti ambalo baadaye lilipandwa katika milima yetu ya Usambara.

DAKTARI ALIYEKATAA KUTOA DAMU

Tiba rasmi ya Ulaya ya karne ya 18 ilikuwa na silaha chache, na zote kali. Mgonjwa wa homa alikatwa mshipa akatolewa damu bakuli baada ya bakuli. Alinyweshwa dawa za zebaki mpaka meno yakalegea. Aliharishwa na kutapishwa ili uchafu umtoke. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo mwezi Desemba 1799. Madaktari wake walimtoa damu mara kadhaa katika siku moja, na usiku wa siku hiyo hiyo akafa. Wenzetu wanaodhani kwamba hospitali ilizaliwa ikiwa na sayansi mkononi hawana budi kulikumbuka jambo hili. Waliokuwa wakiwatoa watu damu hawakuwa waganga wa vichochoroni, bali wenye vyeti na kofia za vyuo vikuu.

Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 katika mji wa Meissen, mtoto wa fundi mchoraji wa vyombo vya kauri, alikuwa mmoja wa madaktari hao. Aliyoyaona yalimchukiza, akaiacha kazi yake kwa muda, akawa anajipatia riziki kwa kutafsiri vitabu. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen wa Uskoti, alifika mahali palipoeleza kwa nini gome la mti wa kwinini linatibu homa. Maelezo hayakumridhisha. Akalinywa gome hilo mwenyewe siku kadhaa, naye hakuwa mgonjwa, na akaandika kwamba alipatwa na dalili kama za homa ile ile inayotibiwa kwa gome hilo. Kutokana na jaribio hilo alijenga nadharia nzima: kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Aliitangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akaiandikia kitabu chake kikuu.

Mpaka hapo mwanafunzi wa siasa anaweza kumsifu. Alikataa mamlaka ya wakubwa, akajaribu kwa mwili wake mwenyewe, akaandika alichokiona. Kosa lilikuwa katika kulifanya jaribio la mtu mmoja kuwa sheria ya maumbile. Tena aliendelea mbele zaidi. Alifundisha kwamba dawa huongezeka nguvu kadiri inavyopunguzwa: tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au spiriti na kutikiswa, kisha tone moja la mchanganyiko huo huingizwa katika matone mengine 99, na kuendelea hivyo hata mara 30. Kemia inatuonyesha kwamba baada ya hatua ya 12 hivi hakuna uwezekano wa maana wa kubaki hata chembe moja ya dawa ya mwanzo. Anayekunywa anakunywa maji, au anamung'unya sukari.

Wauza dawa wa mji wa Leipzig walimpinga vikali. Tusidhani kwamba walimpinga kwa sababu ya chembe. Walikuwa na haki ya peke yao ya kutengeneza na kuuza dawa, na huyu bwana alikuwa akiwapa wagonjwa dawa zake mwenyewe. Mwaka 1821 alilazimika kuhamia Köthen, ambako mtawala wa jimbo alimruhusu kuendelea. Mwaka 1835 alikwenda Paris, na huko alikufa mwaka 1843. Nadharia yake ilienea kwanza kwa kushikwa mkono na mabwana wakubwa na matajiri wa Ulaya, ambao walikuwa na kila sababu ya kumpenda daktari asiyewatoa damu na ambaye hukaa na mgonjwa muda mrefu akimwuliza habari za usingizi wake, chakula chake na huzuni zake. Hapa pana jambo tutakalolirudia.

MTAA MMOJA, MWAKA MMOJA

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London. Katika uwanja uitwao Golden Square, mtaa wa Soho, palikuwa na hospitali ya homeopathia. Ugonjwa ulipokwisha, hesabu zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 61 wa kipindupindu waliolazwa hapo walikufa 10, ambapo katika hospitali nyingine za mji huo walikufa kiasi cha nusu ya wagonjwa. Wakubwa wa bodi ya afya waliziacha hesabu hizo nje ya taarifa yao. Zilitolewa mwaka 1855 baada ya kudaiwa Bungeni.

Wafuasi wa homeopathia wanaitaja habari hii mpaka leo, nao wana haki ya kuitaja. Kuficha hesabu lilikuwa jambo la aibu. Lakini ni lazima tuulize hesabu hizo zina maana gani. Mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa maji mwilini. Hospitali nyingine ziliwaongezea wagonjwa hao mateso kwa kuwatoa damu na kuwaharisha. Hospitali ya Golden Square iliwapa kitanda, uangalizi, na matone yasiyokuwa na kitu. Kwa hiyo ushindi wake ulikuwa ushindi wa kutomdhuru mgonjwa. Si jambo dogo, lakini halikuwa dawa ya kipindupindu.

Sasa, hatua chache kutoka Golden Square kulikuwa na barabara iitwayo Broad Street, na katika barabara hiyo pampu ya maji. Katika ugonjwa huo huo daktari John Snow, mtoto wa kibarua wa mji wa York, alipita nyumba hadi nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakiteka maji wapi. Tarehe 8 Septemba 1854, kwa ushauri wake, mpini wa pampu ile uling'olewa. Katika mtaa mmoja na mwaka mmoja, basi, palikuwa na watu wa aina tatu: waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu, waliokuwa wakiwapa matone, na huyu aliyekwenda kuuliza maji yanatoka wapi. Wa tatu hakuwa na dawa yoyote ya kuuza. Tunawashauri makada walikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye kampeni ya Mtu ni Afya.

SAFARI YA GOME

Turudi kwenye mti wa kwinini. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini yenyewe kutoka katika gome, na tangu hapo dawa hiyo ikaweza kupimwa kwa uzito na kutolewa kwa kipimo kinachojulikana. Gome lile lile lililompeleka Hahnemann kwenye matone matupu liliwapeleka hawa kwenye dawa halisi. Tofauti ilikuwa katika njia ya uchunguzi.

Lakini dawa halisi ikishapatikana, swali la pili linaingia: inakuwa mali ya nani? Mbegu bora za mti huo zilikusanywa na Manuel Incra Mamani, mzalendo wa Bolivia wa kabila la Aymara, aliyekuwa mtumishi wa mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Yeye ndiye aliyeujua msitu na kuutambua mti mzuri kwa kuuangalia. Mwaka 1865 Ledger aliwauzia Waholanzi sehemu ya mbegu hizo. Mamani baadaye alikamatwa, akafungwa na kupigwa kwa kosa la kutorosha mbegu, akafa kutokana na mateso hayo. Waholanzi walizipanda Java, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 karibu kwinini yote ya dunia ilitoka katika mashamba yao, yaliyolimwa kwa jasho la wananchi wa Java. Aina hiyo ya mti inaitwa kwa jina la Ledger. Kwa jina la Mamani haikuitwa.

Wajerumani nao walipojenga kituo chao cha utafiti wa kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliupanda mti huo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipozuka na meli za Waingereza zikafunga pwani, magome ya Usambara ndiyo yaliyotengenezewa kwinini ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Maji machungu ya gome hilo askari wa Kijerumani waliyabandika jina la pombe ya jemadari wao. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Mti ulikuwa katika ardhi yetu, ukimenywa na mikono ya watu wetu, na dawa yake ilikwenda kwanza kwa aliyekuwa na bunduki.

Yafaa pia isemwe kwamba kupima peke yake hakutoshi kuwa haki. Miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Kijerumani, aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Alipoongeza kipimo baadhi yao walipofuka. Hayo yalikuwa majaribio ya kisayansi, yenye daftari na hesabu. Waliojaribiwa hawakuwa na sauti juu yake.

MGANGA MBELE YA SHERIA YA MKOLONI

Wakati huo huo dawa za wananchi wenyewe zilikuwa zikifanywa jinai. Mwezi Julai 1905, katika milima ya Matumbi, walianza Vita vya Maji Maji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa ile dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani mapema mwezi Agosti mwaka huo huo. Tangu hapo serikali ya kikoloni ilimwona kila mganga kuwa mchochezi. Waingereza walipoipokea nchi walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, na nyingine mwaka 1928, ambazo ndani yake mchawi, mpiga ramli na mganga waliangaliwa kwa jicho moja la mashaka. Bibi aliyejua mzizi wa kutuliza tumbo la uzazi alijifunza kuuficha. Padri alimkataza, bwana shauri alimtisha, na watoto wake waliporudi kutoka shule ya misheni walimwonea haya.

Makada wengi huishia hapa, kwenye dhuluma ya mkoloni. Sisi tunaona hapana budi kwenda hatua moja zaidi, ingawa inauma. Maji ya Kinjeketile yalifanya kazi kubwa ya kisiasa. Yaliwaunganisha watu wa makabila mengi chini ya ahadi moja, jambo ambalo hakuna chifu aliyeweza kulifanya kabla yake, na historia ya ukombozi wa nchi yetu inayaheshimu kwa hilo. Lakini kama kinga ya risasi hayakufaa kitu, na waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyoletwa na Wajerumani waliochoma vyakula wanakisiwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kuwaheshimu mashujaa hao hakutulazimishi kusema kwamba risasi iligeuka maji. Mwalimu wa siasa anayeogopa kuyasema haya mbele ya wanafunzi hataweza pia kusema lolote pale watu watakapopanga foleni ya kunywa kikombe. Foleni hiyo tutaifikia.

TULICHOFANYA BAADA YA UHURU

Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza kwamba maendeleo ni ya watu, na kwamba wengi wa watu hao wako vijijini. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 nguvu ya afya ilihamishwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na kwa vikundi vya kusoma, ambayo iliwafikia watu wazima kiasi cha milioni mbili. Wananchi walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walichemsha maji ya kunywa. Leo wapo wanaouza vitabu na vidonge kwa jina la afya ya asili. Hatujui afya ya asili iliyo kubwa kuliko choo kilichochimbwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kampeni ile ilikuwa mpini wa pampu ya Broad Street, ila safari hii ukishikwa na wananchi.

Kuhusu dawa za miti, mwaka 1974 kilianzishwa pale Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Watafiti walikwenda vijijini, wakakaa na waganga, wakakusanya majina na vielelezo vya mimea. Ilikuwa kazi ya kizalendo na ya uvumilivu. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata, uliokubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote, uliwatambua pia waganga wa jadi. Tanzania ilikuwa tayari imeanza.

Lakini tujikosoe. Mwaka 1982 na 1983 orodha kubwa ya mimea ya dawa ya Tanzania, iliyotayarishwa na wataalamu wa Uppsala, Sweden, pamoja na wataalamu wetu, ilichapishwa katika jarida la kitaalamu la nje, kwa Kiingereza. Hatuwalaumu waandishi wake. Bila wao mengi yangepotea pamoja na wazee waliokuwa wakiyajua. Tunauliza tu nani aliweza kuisoma. Kampuni ya dawa ya nchi yoyote iliweza. Mganga aliyesema siku hiyo kwamba jani hili ni la kidonda na mzizi huu ni wa kuhara, yeye hakuweza, na mwanawe vilevile. Mara nyingi tumesikia watumishi wakilalamika kwamba waganga ni wachoyo, wanaficha dawa. Mtu ambaye mali yake pekee ni ujuzi, na ambaye akishautamka unaondoka mikononi mwake moja kwa moja, kwa nini asifiche? Mamani naye alikuwa na ujuzi.

Tuangalie ndugu zetu wa China walivyofanya. Mwezi Mei 1967 serikali yao ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa sababu wapiganaji wa Vietnam walikuwa wakiuawa na mbu pamoja na mabomu. Mtafiti mwanamke, Tu Youyou, aliingizwa mwaka 1969. Kikundi chake kilipekua mapishi ya dawa ya jadi zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, jamii ya pakanga yetu, ulionyesha nguvu na kisha ukashindwa. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya nne, akaona kwamba mwandishi huyo alisema majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema yachemshwe. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kali, mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa kwanza wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa, na mwaka huo huo dawa yenyewe, artemisinini, ikatengwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mchanganyiko unaotokana na dawa hiyo, tunaouita dawa mseto, ndio ulioingizwa nchini kuwa tiba ya kwanza ya malaria kwa uamuzi wa mwaka 2006, baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wameilima pakanga hiyo ya Kichina kwa ajili ya viwanda.

Angalia kwamba Wachina hawakuitetea dawa ya mababu kwa hotuba. Waliipima, nyingi kati ya zile 2,000 zikaanguka, na hawakuona aibu kuziacha. Na mpaka leo kunywa chai ya majani yale yale badala ya dawa iliyopimwa ni hatari, kwa kuwa kipimo chake hakitoshi na kinawafundisha vijidudu usugu. Mmea ni ule ule na asili yake ni ile ile.

Tena neno lenyewe "asili" linatuchezea. Mti ambao karibu kila Mtanzania ataukutajia kwanza ukimwuliza dawa ya asili ni mwarobaini. Mwarobaini ni mgeni aliyetoka India.

SOKO NA FOLENI

Miaka ya 1980 uchumi ulipobanwa, rafu za zahanati zilibaki tupu. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama hospitalini. Mwaka 1991 matibabu ya biashara, yaliyokuwa yamezuiwa kwa sheria ya 1977, yaliruhusiwa tena. Mambo haya yalibadili pia tabia ya tiba asili. Mganga aliyekuwa akijulikana na kijiji chake na kulipwa kuku mgonjwa akishapona alipata mshindani mpya, yule mwenye kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, anayetibu kisukari, mapenzi na mali kwa simu moja. Nyuma yake wakaja wauza virutubisho wa mijini wanaompa mteja makopo na kumwambia alete wateja wengine ili apate gawio. Wote hawa wanasema "asili". Homeopathia nayo huko kwao inauzwa na viwanda vikubwa, ingawa mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia majaribio yaliyokuwapo na halikuona ugonjwa hata mmoja ambao imethibitika kwa uhakika kuutibu, na Ufaransa imeacha kuilipia katika bima ya umma tangu mwaka 2021.

Tunafika sasa kwenye kikombe. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitangaza kwamba ameoteshwa dawa inayotibu UKIMWI, saratani, kisukari, pumu na shinikizo la damu. Ilikuwa maji ya mizizi ya mti uitwao mugariga, kikombe kimoja, shilingi 500. Hatukusudii kumkejeli marehemu, aliyefariki Julai 2021. Kwa shilingi 500 hakuwa mlanguzi. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Watu walikufa njiani na katika foleni. Viongozi walikwenda, wengine kwa helikopta, na barabara ikashughulikiwa. Palisemwa kwamba maji yale si sumu, na hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa la mgonjwa wa UKIMWI aliyerudi nyumbani akaweka vidonge vyake kando kwa sababu kiongozi wake alionekana akinywa, na dawa ile haikuthibitika kumponya yeyote. Chembe za mugariga katika kikombe zilikuwapo, tofauti na matone ya Golden Square, lakini kazi ya kikombe ilikuwa ile ile: kilitoa tumaini, uangalizi na mtu wa kumsikiliza mgonjwa. Na hapa ndipo tunaporudi kwa Hahnemann na mazungumzo yake marefu. Mgonjwa anayeamka saa kumi za usiku, akakaa benchi mpaka saa nane mchana, akapewa dakika tatu na mtu asiyeinua macho kutoka kwenye karatasi, huyo ana sababu ya kwenda kwa mganga hata kama dawa ya mganga haifai. Urasimu wa hospitali zetu umewapelekea waongo wateja wengi kuliko imani za jadi zilivyofanya.

Mwaka 2020 tulijaribiwa tena. Nyungu zilifukizwa nchi nzima, na ndege ilitumwa Madagaska kuchukua dawa ya miti. Kujifukiza hakukuwa kosa. Ni desturi inayomstarehesha mwenye mafua. Kosa lilikuwa kuiita kinga kabla haijapimwa. Chanjo zilianza kutolewa nchini Julai 2021, na tunaofundisha makada tuliona jinsi ilivyokuwa kazi ngumu kumrudisha mwananchi kutoka katika neno alilokwisha kuambiwa kwa uhakika.

HABARI YA TANGA

Tumalizie kwa mfano ambao haukupata kelele za Loliondo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazijafika kwa watu wa kawaida, madaktari wa hospitali ya Bombo, Tanga, waliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za mzee mmoja mganga wa Pangani walipata nafuu ya ukurutu, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Hawakumshtaki na hawakumtangaza kuwa nabii. Walikaa naye. Waganga wakakubali kufundishwa namna ugonjwa unavyoambukizwa na hatari ya kutumia wembe mmoja kwa watu wengi. Wauguzi nao wakapeleka dawa za miti majumbani kwa wagonjwa, zikieleweka kuwa ni za magonjwa nyemelezi na si za kuua virusi. Mganga alijua ni wakati gani ampeleke mgonjwa hospitali. Hospitali ilijua jina la mganga.

Vidonge vya bure vilipoanza kutolewa nchini mwezi Oktoba 2004, mahali penye uhusiano wa namna hiyo mganga angeweza kumwambia mgonjwa wake, kwa mdomo wake mwenyewe, aende akavichukue. Tunapowapeleka makada wetu wilayani kwa mafunzo ya vitendo tumeanza kuwapa kazi hii: waende kwenye zahanati ya kata, wamwulize mganga mfawidhi awatajie kwa majina waganga wa jadi na wakunga wa eneo lake, na mara ya mwisho alizungumza nao lini. Katika kundi la mwisho walikuwa makada 14. Waliorudi na majina ni wawili.